Kuanzisha kituo cha yoga, tafakuri na Ayurveda Moshi: hatua kwa hatua, bila kumdhuru mtu

Maswali ni yale yale. "Nina kiwanja Kibosho, nianze na nini?" "Cheti cha yoga cha mtandaoni kinatosha?" "Ayurveda inatibu kisukari?" (Ayurveda ni mfumo wa tiba asili wa India.) Nimeona niyajibu kwa mkupuo mmoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata huku daftari likiwa mkononi. Nimeandika nikiwa na Moshi kichwani, lakini wa Arusha atakuta karibu yote yanamhusu.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: kituo chako si hospitali, na hakitakuwa hospitali hata kikijaa wageni. Ni mahali pa watu kupumua, kunyoosha mwili, kukaa kimya, kula vizuri na kukandwa. Hilo tu lina thamani kubwa. Madhara huanza pale mwenye kituo anapotamani kuonekana anatibu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mwalimu wa yoga aliyefundishwa ana kwa ana. Kiwango cha kuanzia kinachotambulika nchi nyingi ni mafunzo ya saa 200. Saa hizo zinamtosha kuongoza watu wazima wenye afya, hazimfanyi mtaalamu wa migongo.
- Mtu wa Ayurveda anayejieleza kwa ukweli. India, shahada ya udaktari wa Ayurveda huchukua miaka mitano na nusu, ukiwemo mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Aliyesoma wiki mbili ni mkandaji, na ukandaji ni kazi ya heshima. Mwite mkandaji, usimwite daktari.
- Daktari au tabibu mmoja aliyekubali kupigiwa simu, na dereva mwenye gari aliyekubali kuamshwa usiku. Bodaboda haimbebi mtu aliyezimia.
- Mashine ya presha ya kufunga mkononi, kipima sukari, sanduku la huduma ya kwanza, na angalau watu wawili waliofundishwa huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo hayo.
- Mikeka ya mpira isiyoteleza, kumi na tano inatosha kuanzia. Mkeka wa ukindu ni mzuri wa kukalia, ila juu ya saruji unateleza mtu akisimama mguu mmoja. Ongeza viti imara visivyo na mikono. Mablanketi mazito utayapata kwenye mitumba ya Kiboriloni kwa bei nzuri, na Juni na Julai utayahitaji.
- Akiba ya kulipa mishahara wakati hakuna mgeni. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za juu zinateleza na wageni wa mlima wanapungua.

Hatua ya 1: Lisikilize eneo kabla hujalilipia

Usiende mara moja mchana ukapenda mandhari ya Kibo ukatoa fedha. Nenda saa kumi na moja alfajiri, nenda Jumamosi usiku, nenda Jumapili asubuhi. Utajua kama kuna baa, ukumbi wa harusi, gereji, au spika inayoelekea upande wako. Azana na kengele ni sehemu ya mji, na mgeni ataambiwa hivyo. Muziki wa baa hadi saa nane usiku ni habari nyingine.

Kama ni kihamba, yaani shamba la ukoo la Kichagga, usimalizane na mtu mmoja. Kihamba kina ukoo, kina makaburi, kina kaka aliyeko Dar es Salaam ambaye atarudi Desemba na kuuliza nani kaweka geti. Kaa na familia nzima, mkataba uandikwe, na mashahidi watie saini. Maji nayo: usichepushe mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, hata kidogo kabla hujaongea na wanaousimamia, kwa kuwa mfongo una zamu na kila zamu ina mwenyewe. Na kama wewe si raia, Sheria ya Ardhi ya 1999 haikuruhusu kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa serikali. Usitafute njia ya mkato kwa kuandikisha jina la rafiki.

Hatua ya 2: Nenda kwa wenyeji kabla hujaweka bango

Anza na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha viongozi wa dini: mchungaji wa KKKT, paroko, shehe. Swali lao litakuwa kama yoga ni ibada. Jibu ukweli. Yoga imetoka India na imekulia ndani ya dini na falsafa za kule. Usidanganye kwamba haina uhusiano wowote na dini, maana siku moja mtu atasoma na utaonekana ulificha. Badala yake eleza nini kitafanyika kwenye darasa la jamii: kunyoosha viungo, kupumua, kukaa kimya. Hakuna sanamu, hakuna mantra (maneno matakatifu yanayorudiwa), hakuna anayelazimishwa kufumba macho au kukunja mikono kifuani. Mgeni anayetaka mantra apewe saa yake, peke yake. Waalike viongozi wakae nyuma waangalie darasa zima. Mchungaji aliyeona kwa macho yake mama wa usharika akinyoosha mgongo atawajibu wenzake vizuri kuliko utakavyojibu wewe.

Hatua ya 3: Vibali

Biashara au kampuni inasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni halmashauri. Ukilaza wageni kuna leseni ya utalii, ukaguzi wa Zimamoto na wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Pita ofisi ya biashara ya halmashauri kwanza wakupe orodha inayokuhusu.

Panapowakwamisha wengi ni Ayurveda. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, na Baraza lake linalosajili watoa huduma na vituo. Mlango wa kuingilia ni mratibu wa tiba asili wa halmashauri, anayekaa ofisi ya Mganga Mkuu. Muone kabla ya kununua hata chupa moja ya dawa. Kutangaza kwamba unatibu ugonjwa fulani bila kibali kunaweza kukufungia kituo.

Walimu wa kigeni: aliyeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi, hata akijitolea bure. Anahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi. Msimuonee haya mgeni wenu, mwambieni mapema.

Hatua ya 4: Andika yale ambayo kituo hakifanyi

Karatasi hii ibandikwe mapokezi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mimi ningeanza hivi:

Hatutibu kisukari, presha, saratani, VVU, kifua kikuu wala kifafa. Hatumwambii mtu apunguze wala aache dawa ya hospitali. Hatutapishi, hatuharishi, hatutoi enema (kusafisha utumbo kwa njia ya haja kubwa). Hatuuzi vidonge wala unga wa dawa usiosajiliwa. Hatufungishi chakula watu wenye kisukari, wajawazito na wanaonyonyesha.

Hapa Kaskazini tunalo jambo la kukumbuka. Mwaka 2011 misururu ya magari ilielekea Samunge, Loliondo, watu wakifuata kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na madaktari wakabaki kuwasihi wagonjwa wa kisukari na wanaotumia dawa za VVU wasiziache. Mtu mwenye maumivu ya muda mrefu akisikia neno "tiba" anasikia ruhusa ya kupumzika na vidonge. Huhitaji kumwambia aache dawa. Ukinyamaza tu, ataelewa anavyotaka. Kwa hiyo sema, kwa sauti, kila anapoingia mtu mpya.

Kuhusu kutapishwa na kuharishwa: ni sehemu ya panchakarma, mfumo wa Ayurveda wa kusafisha mwili. Hata kule India hufanywa chini ya usimamizi wa daktari. Mtu akiharishwa sana anapoteza maji na chumvi, na mwenye moyo au figo dhaifu anaweza kufa. Kituo cha jamii kisiiguse.

Kuhusu dawa za kopo: baadhi hutengenezwa kwa makusudi pamoja na madini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni na kukuta takriban moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki. Maneno "ni asili" hayaondoi risasi mwilini. Ashwagandha, ambayo kila kijana anaiulizia siku hizi, imehusishwa na madhara ya ini na haifai kwa mjamzito. Mizizi ya mulethi (licorice) inapandisha presha. Kama kuna dawa unaamini ni lazima uwe nayo, fuata usajili wa Baraza na uipeleke kupimwa. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Arusha.

Hatua ya 5: Mahojiano ya mlangoni

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ifanyie pembeni, kwenye kiti, mlango ukiwa umerudishwa, foleni isisikie.

Usiulize "Una ugonjwa wowote?" Utajibiwa "Hapana, niko salama" na mama mwenye presha ya miaka kumi. Kwake presha ni hali, ugonjwa ni malaria. Wala usiulize tu "Unatumia dawa?" Uliza hivi: "Mama, ukiamka asubuhi unameza nini?" Kisha: "Kliniki unarudi lini?" Kisha: "Umewahi kulazwa? Umefanyiwa upasuaji? Kuna siku ulianguka ukapoteza fahamu?" Kwa wanawake, muulizaji awe mwanamke, na swali la ujauzito liulizwe mama akiwa peke yake, bila mume pembeni. Hakuna anayelazimishwa kutaja VVU. Inatosha aseme ana dawa ya kila siku, nawe umjibu kwamba dawa hiyo inaendelea kwa saa yake ile ile, na kwamba ratiba ya kituo itaifuata dawa.

Pima presha baada ya mtu kukaa dakika tano. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, subiri kidogo upime tena. Ikibaki hapo, hakuna darasa wala mafuta, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kama ana maumivu ya kifua, ganzi upande mmoja au ulimi mzito, usimkalishe kusubiri kipimo cha pili. Ita gari. Hospitali ya Mawenzi au KCMC, ile iliyo karibu.

Majibu yaandikwe na yafungiwe kabatini. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kijijini habari ikitoka mapokezi inafika sokoni kabla ya mhusika.

Hatua ya 6: Darasa la kwanza la yoga

Panga saa kwa maisha ya watu. Asubuhi akina mama wanakata majani ya ng'ombe, na msimu wa kuchuma kahawa hutamwona mtu. Saa kumi jioni inafaa. Wengi watakuja na kanga. Waambie mapema wavae suruali ndani ya gauni, na uwape darasa la wanawake peke yao mpaka wenyewe waseme wako tayari kuchanganyika.

Dakika sitini zinatosha: kumi za kulegeza viungo, thelathini na tano za mikao rahisi, kumi na tano za kulala chali na kupumzika. Wabeba mizigo kichwani wanaumia shingo na kiuno. Wapagazi na waongozaji wa mlima wanaumia magoti kwa kuteremka. Fundisha kwa ajili ya miili hiyo iliyo mbele yako. Mzee anayeshindwa kukaa chini afanye yote kwenye kiti, naye ni mshiriki kamili.

*Angalia:* kusimama kwa kichwa na kwa mabega kuondolewe kabisa kwenye madarasa ya jamii. Mwenye presha ya macho, presha ya juu au shingo iliyochoka anaweza kuumia papo hapo. Pumzi za nguvu na za haraka kama kapalabhati wasifanye wajawazito, wenye kifafa, moyo au presha. Na mwalimu asisukume mwili wa mtu ili "aingie vizuri". Aombe ruhusa kabla ya kugusa, kila mara, na "hapana" iheshimiwe bila kuulizwa sababu.

Hatua ya 7: Tafakuri

Anza na dakika kumi. Macho yanaweza kubaki wazi yakitazama sakafu. Mpe mtu kitu cha kushika: pumzi, sauti ya maji, nyayo zilizogusa ardhi.

Usianze na mafungo ya kimya ya siku nyingi. Kimya kirefu kinaweza kuibua mambo mazito, msiba ambao haukuliliwa, kipigo cha utotoni. Aliyewahi kuugua akili, au aliyefiwa majuzi, asiingie kwenye siku za ukimya bila mtaalamu wa afya ya akili kujua. Mshiriki anayelia aachwe alie huku mtu mmoja amekaa karibu yake. Asihubiriwe, asikatazwe. Anayeanza kusikia sauti, asiyelala usiku wa pili, au anayezungumzia kujiua, amevuka mipaka ya kituo: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali akisindikizwa.

Hatua ya 8: Mafuta na kukanda

Mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila kuongezwa kitu ndiyo ya kawaida katika Ayurveda. Ya nazi yanafaa miezi ya joto kama Januari na Februari. Uliza kwanza kama mtu anadhurika na ufuta, kisha paka tone kwenye kiwiko kwa ndani usubiri.

Pasha mafuta kwa kuzamisha chupa kwenye maji ya moto. Usiyaweke motoni moja kwa moja. Mkandaji ajaribu kwenye kifundo chake cha mkono, upande wa ndani, kabla hayajamfikia mtu. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda hasikii joto miguuni: ataungua akitabasamu. Miguu yake ipate mafuta ya vuguvugu tu, na asikalishwe kwenye beseni la maji ya moto.

Usikande kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na maumivu, hasa kwa aliyetoka kwenye ndege ya masafa marefu au aliyelala kitandani muda. Huenda ni damu iliyoganda, na kuikanda kunaweza kuisukuma hadi mapafuni. Mpeleke hospitali.

Mwanamke akandwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, isipokuwa mwenyewe amechagua vingine. Shuka lifunike kila sehemu isiyokandwa. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Jina na namba ya mtu wa kupokea malalamiko ziandikwe ukutani mle ndani, na mtu huyo asiwe mkandaji.

*Angalia:* taulo zenye mafuta zikirundikwa zikiwa na joto, hasa baada ya kukaushwa kwa mashine, zinaweza kujipasha zenyewe hadi kuwaka moto. Zifue kwa maji ya moto na sabuni nyingi, zikauke juani kwenye kamba, na zisilundikwe stoo zikinuka mafuta. Sakafu ifutwe kwa sabuni kila baada ya mtu mmoja, maana wazee huteleza wanaposhuka kitandani.

Hatua ya 9: Jikoni

Huna haja ya kuagiza chochote India. Mchele na choroko vikipikwa pamoja na samli, manjano, tangawizi na bizari nyembamba ndicho chakula chepesi kinachojulikana zaidi kwenye Ayurveda, na vyote viko soko la Mbuyuni. Ongeza mchicha, mnafu, maharage, mtori usio na nyama. Mpishi awe mama wa hapo hapo, na alipwe kama fundi.

Hatua ya 10: Bei na nafasi ya wenyeji

Kama mgeni analipa dola na jirani anapita nje ya ukuta, jina la "kituo cha jamii" ulifute. Weka madarasa ya jamii kwenye ratiba kwa siku maalumu ambazo haziuzwi hata wageni wakijaa. Mwenyeji achangie kidogo anachoweza, na asiyekuwa nacho aingie. Piga picha kwa ruhusa tu, na nyuso za watoto zisiende mtandaoni.

Mambo yakienda kombo

*Wamekuja wengi siku ya kwanza, ya tatu wamebaki wanne.* Uliza kuhusu saa na mavazi kabla ya kubadilisha mazoezi. Mara nyingi tatizo ni hayo mawili.

*Mtu amepata kizunguzungu darasani.* Mlaze chali, miguu juu ya kiti, mpime presha na sukari. Uliza amekula saa ngapi. Wapo wanaokuja wamefunga bila kusema. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto.

*Wote wanasinzia kwenye tafakuri.* Wamechoka kwa kazi. Waache walale leo, kesho fanya tafakuri ya kutembea polepole migombani.

*Mahubiri ya Jumapili yamewataja.* Usijibu kwa kipaza sauti wala mtandaoni. Nenda ofisini kwa mchungaji Jumatatu na ratiba mkononi, umwalike tena.

*Mgeni anadai panchakarma kamili kwa kuwa "ndiyo aliyolipia".* Mrudishie fedha. Kisha kagua tangazo lako, huenda lilimwahidi.

*Mkandaji ameanza kuuza unga wake kwa wateja chini chini.* Mzuie siku hiyo hiyo, chukua orodha ya walionunua, wapigie mmoja mmoja waache kuutumia, na mwambie daktari wenu.

*Mzee anasema presha imeshuka tangu aanze yoga, anataka kuacha vidonge.* Furahi naye, huenda imeshuka kweli. Vidonge viendelee. Mpime kila anapokuja, kwa wiki mbili, saa ile ile, uandike tarehe na vipimo kwenye karatasi. Karatasi hiyo aipeleke kliniki. Daktari akiona namba, yeye ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.